Sasisha Ili Kuendelea

Faili zote zilikuwa pale pale zilipowekwa, na hilo ndilo lililomchelewesha binti kuelewa. Folda ilikuwa na jina lake lile lile, Sauti ya Mama, na ndani yake sentensi zilifuatana kwa namba kama zilivyorekodiwa. Ila kila jina lilikuwa limeota mkia wa herufi zisizosomeka. Alibonyeza ya kwanza. Kompyuta ikamuuliza anataka kuifungua kwa programu gani. Akabonyeza ya pili, kisha moja ya katikati, kisha ya mwisho. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa mifumo ya kompyuta katika kampuni ya bima, na jibu alikuwa nalo tangu ile ya kwanza. Zile nyingine alizibonyeza kama mtu anavyopekua mifuko yote ilhali anajua funguo kaziacha ndani na mlango umejifunga.

"Zimekwenda?" Baba aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo safi za kupeleka hospitali.

"Bado."

"Mtandao huo! Tungempa mtu wa baiskeli angekuwa ameshafika na kurudi."

"Si mtandao, Baba. Hebu kaa kidogo."

Hakukaa. Alikuwa fundi miwani, amezoea kusimama mbele ya mashine ya kusagia vioo, na habari mbaya pia alipenda kuipokea akiwa amesimama. Binti alifungua faili ya maandishi ambayo haikuwepo kwenye kompyuta hiyo siku aliyomkabidhi Mama. Ilisema kwamba faili zimefungwa, kwamba ufunguo upo, na kwamba anayeutaka aandike kwenye anwani iliyo hapo chini apewe maelekezo ya malipo. Ilimalizia kwa kumtakia msomaji siku njema.

Wakati huo Mama alikuwa wodini, hasemi. Madaktari walikuwa wameuondoa uvimbe na zoloto lake, yaani kisanduku cha sauti, kwa sababu uvimbe ulikuwa umekikalia chote. Sasa alipumua kwa tundu lililo chini ya shingo. Mambo hayo waliambiwa mapema, bila kuzungushwa. Walichobaki nacho ni muda ulio kati ya majibu na upasuaji, na kazi moja ya kufanya ndani ya muda huo. Kulikuwa na huduma mtandaoni inayochukua mamia ya sentensi alizosoma mtu mwenyewe na kumtengenezea sauti yake ya kompyuta. Baadaye akiandika kwenye tableti, tableti inasema kwa sauti hiyo. Sauti ya mtu ikishakatwa haiwezi kurekodiwa tena, kwa hiyo kazi ile ilikuwa ya kufanywa mara moja tu.

Sentensi zilisomwa kupitia kivinjari, programu ile ile ya kufungulia kurasa za mtandao. Kwa kuwa mtandao wa nyumbani ulikuwa wa kusuasua, binti alichagua njia ambayo huduma yenyewe iliiruhusu: rekodi zihifadhiwe kwenye kompyuta kwanza, zitumwe zote pamoja mwishoni. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Hata sasa alipoutazama tena aliuona una mantiki.

Mama alikuwa amefundisha madarasa ya mwanzo maisha yake yote ya kazi, na sentensi alizisoma kama imla, akitua kwenye kila nukta.

"Nani kaziandika hizi?" aliuliza siku ya kwanza, sauti tayari ina mikwaruzo. "'Paka mweupe amepanda gari la bluu.' Mimi nikitoka hospitali nitakuwa na haja gani ya kumtangaza paka?"

"Wanataka sauti zote za lugha zikutane, Mama."

"Basi wangeniita mimi. Mimi ndiye ninayezikutanisha."

Baba ndiye aliyejaribu kipaza sauti kabla yake, kwa mbwembwe, akikohoa kama mtangazaji. Kisha alifukuzwa chumbani, kwa sababu hakuweza kunyamaza.

Huduma ilitaka neno "sawa" lisomwe mara moja. Mama aliliona hilo kuwa ni upungufu wa akili. Yeye alikuwa na sawa zake. Ilikuwapo ya kukata, ya kukubali na kuendelea na shughuli. Ilikuwapo ya kuvuta, ambayo maana yake ni mtajijua wenyewe. Ilikuwapo ya chini chini, karibu ya kunong'ona, aliyoitoa akishasamehe lakini hajasahau; na nyingine iliyofanana nayo sana, aliyoitoa akiwa hajasamehe. Baba alidai kwamba anaweza kuzitofautisha akiwa chumba cha pili na redio inaunguruma. Sentensi za huduma zilipokwisha, Mama alizirekodi zote, moja baada ya nyingine, bila kuombwa na mtu.

"Nikibaki na moja tu," alisema, "baba yako ataishi kwa amani asiyostahili."

Kompyuta aliyoitumia ilikuwa ya binti. Aliifuta, akaipanga upya, na kwa kuwa hakutaka kupigiwa simu kazini kila dirisha linapojitokeza, alimpa Mama uwezo wote wa kuweka na kuondoa programu. Kisha akamwachia kanuni chache. Ikiomba kutumia kipaza sauti, ruhusu. Flashi iliyochomekwa ubavuni isitoke, ndiyo nakala ya akiba. Ikikuambia usasishe, sasisha, usiahirishe.

Mama alizirudia kwa sauti, kama alivyowataka wanafunzi wake wafanye, na alipofika kwenye ile ya tatu binti aliitilia mkazo zaidi. Nusu ya ugomvi wake kazini ulihusu watu wanaobonyeza "nikumbushe kesho" miezi nenda rudi mpaka programu zao zinaoza. Wenzake walimwita Bi Zuia, na yeye hakuona tusi ndani yake.

Historia ya kivinjari haikuguswa. Wezi hawakuwa na haja nayo. Binti aliisoma akiwa bado ameketi pale mezani, na Baba bado amesimama. Asubuhi ya siku Mama aliyolazwa, kivinjari kilikuwa kwenye ukurasa wa huduma ya sauti: sentensi ya mwisho, kisha zile sawa. Baada ya hapo Mama alikuwa ameandika swali kwenye sehemu ya kutafutia. Aliliandika kwa ukamilifu, na alama ya kuuliza mwishoni: Mtu aliyetolewa zoloto anachekaje?

Jibu lilimpeleka kwenye tovuti ya chama cha watu waliofanyiwa upasuaji kama wake. Ilikuwa tovuti ya kweli, ya watu waaminifu waliosimuliana jinsi ya kuoga bila maji kuingia shingoni. Ila mlango wake wa nyuma ulikuwa umevunjwa, na mtu asiyejulikana alikuwa amepandikiza humo kipande kifupi cha maandishi ya programu. Wageni wengi hawakuona kitu. Wachache, kwa zamu, walifunikiwa ukurasa mzima na tangazo lenye nembo ya kivinjari chao, rangi zake sahihi, herufi zake sahihi: Kivinjari chako kimepitwa na wakati. Sasisha ili kuendelea kusoma.

Chini ya anwani ya tovuti hiyo historia ilionyesha faili moja iliyopakuliwa. Jina lake lilikuwa Sasisho.

Mchana wa siku hiyo Mama alikuwa amempigia simu kazini. Binti aliikumbuka simu nzima, kwa sababu ndiyo ya mwisho.

"Nimemaliza, mwanangu. Paka wao wote wameshapanda magari."

"Hongera, Mama."

"Na kompyuta imeomba kusasishwa, nimesasisha papo hapo. Usije ukanigombeza kama hao wenzako."

"Vizuri sana, Mama. Hivyo hivyo."

"Imejizima, ikajiwasha yenyewe. Nimeifunika. Uje mapema, baba yako keshaanza kupanga soksi utadhani tunahama nchi."

Jioni ile walikwenda moja kwa moja wodini, na hakuna aliyeifunua kompyuta. Wangezituma baada ya upasuaji. Faili hazina haraka, binti alikuwa amesema.

"Sasa niambie," Baba alisema. "Nimesimama vya kutosha."

Alimwambia. Baba aliuweka mfuko wa nguo chini, taratibu, kama una vioo ndani.

"Si wanataka hela? Tuwape. Gari lipo pale nje, limekaa tu."

"Baba, wengi wanaolipa hawapati kitu."

"Sikukuuliza wengi wanapata nini. Andika."

Aliandika, akitumia anwani mpya aliyoifungua kwa kazi hiyo. Ujumbe ulirudi kabla hajaondoa mkono kwenye meza: anwani ya wezi haipo. Ukurasa wa mtandao uliotajwa kwenye maandishi yale nao haukuwepo. Alitafuta jina la programu iliyofunga faili, akalikuta kwenye taarifa za watu wa fani yake. Kundi lililoitengeneza lilikuwa limesambaratika kitambo, wengine wamekamatwa, wengine wametoweka. Programu yao ilibaki inazurura kwenye tovuti walizozivunja, ikiendelea kufunga faili za watu ambazo hakuna tena aliyeshika funguo zake.

"Yaani hata mwizi mwenyewe hayupo?" Baba aliuliza.

"Hayupo."

"Mwizi gani huyo," alisema. "Mwizi gani asiyesubiri hata kulipwa."

Walikwenda hospitali na nguo safi. Mama alikuwa ameketi, uso umevimba, shingo imefungwa, ubao mdogo mweupe uko magotini. Aliandika neno moja, kwa mwandiko wa darasani: Zimefika?

"Zinashughulikiwa, Mama," binti alisema.

Lilikuwa neno ambalo kazini alilikata kwa kalamu nyekundu kwenye ripoti za wengine, kwa sababu halisemi nani anafanya nini.

Aliendelea kulisema kila alipokwenda, na kati ya safari moja na nyingine alifanya yote yaliyofanyika. Aliipeleka diski na flashi kwa fundi wa kurejesha data, mtu mpole mwenye karakana iliyojaa feni ndogo zinazovuma.

"Flashi ilikuwa imechomekwa wakati hilo jambo linatokea?" fundi aliuliza.

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Siku zote. Niliagiza hivyo."

"Basi ilikuwa..."

"Ilikuwa folda nyingine tu. Najua. Nakala ya akiba ni ile iliyochomolewa. Hiyo sentensi naifundisha mwenyewe."

Fundi aliinamisha kichwa, akaipokea diski kwa mikono miwili. Aliirudisha wiki iliyofuata. Alikuwa ametafuta mabaki ya rekodi zile kabla ya kufungwa, vile vivuli vya faili za zamani ambavyo diski hujibakizia, na programu ile ilikuwa imevifuta navyo. Hakutaka malipo, na hilo lilikuwa baya kuliko bei yoyote.

Binti aliwaandikia watu wa huduma ya sauti. Walijibu kwa upole kwamba kwenye akaunti ya Mama kuna rekodi moja tu, ya majaribio ya kipaza sauti, na wakaiambatisha. Baba aliisikiliza akiwa kwenye kiti cha Mama. "Alo, alo," ilisema sauti yake mwenyewe, "hapa ni studio kuu. Namleta kwenu Mwalimu. Mvumilieni, ni mkali."

"Si wamtengenezee hiyo," Baba alisema. "Miaka yote analalamika kwamba namkatiza. Sasa nitakuwa namkatiza nikiwa ndani yake." Alisubiri binti acheke. Kisha akaomba ifutwe.

Walipekua simu. Mama aliudharau ujumbe wa sauti. Aliuita uvivu wa kuandika, na ujumbe wake wote ulikuwa wa maandishi yenye nukta na mkato. Kulikuwa na video ya sherehe ya familia, ambamo muziki ulifunika kila kitu. Kulikuwa na nyingine, ya mvua ikipiga bati, ambamo mtu asiyeonekana alisema "funga hilo dirisha". Huenda alikuwa Mama. Baba alisema ni yeye, kisha akasema ni dada yake Mama, kisha akasema zima.

Katikati ya hayo yote ilifika siku ya mafunzo ya usalama kazini, na binti hakuwa na sababu ya kuahirisha ambayo angeweza kuitaja. Alisimama mbele ya idara ya madai, picha ukutani, watu na chai zao.

"Bi Zuia, leo unatufungia nini?" mmoja aliuliza. "Maana ukurasa wa mpira ulishauzuia."

"Na mapishi," mwingine alidakia. "Mume wangu anakula kwa kumbukumbu tu siku hizi."

Aliendelea mpaka kwenye picha ya masasisho. Mwanamke mmoja wa mapokezi, aliyeandika kila kitu, aliinua mkono.

"Samahani. Unatuambia kila siku tusasishe. Tukiletewa la uongo, tutalijuaje? Mimi naona yote yanafanana."

"Usiliangalie," binti alisema. "Angalia limetokea wapi. Kivinjari hakiwezi kukuomba kusasishwa kupitia ukurasa unaousoma; ukurasa ni wa mtu mwingine. Funga ukurasa, nenda kwenye menyu ya kivinjari chenyewe, uliza huko kama kuna sasisho. Kama lipo, litakuwa huko. Kama halipo, uliyoyaona yalikuwa uongo, na usibonyeze chochote, hata kitufe cha kukataa."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Mwanamke alimaliza kuandika. Maelezo yote hayakuchukua hata muda wa chai kupoa. Binti alitazama ukuta wenye picha yake mwenyewe, mishale yake, rangi zake, na alijua kwa uhakika kabisa kwamba Mama angeyaelewa kwa kusikia mara moja, angeyarudia neno kwa neno, na angeyafuata. Hakumwambia kwa sababu alitaka mambo yawe mepesi. Hakukuwa na sababu nyingine, aliitafuta.

Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani mchana wenye jua kali. Baba alikuwa amefagia, amefua mapazia, ameitundika saa iliyokuwa imelala kabatini. Tableti ilikuwa mezani. Binti alikuwa ameiwekea sauti iliyokuja nayo kutoka kiwandani, ya mwanamke kijana, safi, inayopanda kidogo mwishoni mwa kila sentensi kama ya muuza manukato. Alikuwa amepanga kuyasema yote kabla haijawashwa. Lakini Mama alikaa tu na kuivuta kwake, akaandika kwa vidole viwili.

"Hii ni nani?" tableti iliuliza.

Baba alitazama pembeni.

Binti alieleza. Hakuacha kitu: tovuti ya chama, tangazo, faili, flashi, wezi waliokwisha kutawanyika, fundi, vivuli vilivyofutwa. Alieleza kwa mpangilio, kama ripoti, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kusema ukweli mpaka mwisho. Mama alisikiliza bila kuinua macho. Hewa iliingia na kutoka shingoni mwake kwa mlio mdogo wa kupuliza. Kisha akaandika.

"Kwa hiyo ni mkono wangu," ilisema sauti ya kijana, kwa uchangamfu.

"Mkono ni wako, Mama. Maneno ni yangu. Nilikwambia usasishe, sikukwambia wapi. La kweli halitoki ndani ya ukurasa. Hilo nawafundisha watu wote kazini."

Vidole vilienda taratibu.

"Ungeniambia ningeelewa."

"Ndiyo."

"Siku ile nilikupigia. Ukasema vizuri sana."

"Ndiyo, Mama. Nilisema."

Kila sentensi ilitoka kwa kasi ile ile na mwinuko ule ule, lawama na swali na kumbukumbu, zote kama bei za dukani. Binti aliutazama uso wa Mama autafute ukweli huko, lakini uvimbe ulikuwa bado haujashuka. Mashavu hayakusogea, na macho yalikuwa kwenye kioo cha tableti. Baba naye alikuwa ameinamisha kichwa na kutega sikio, kama alivyokuwa akifanya akiwa chumba cha pili.

Mama aliandika kitu kifupi.

"Sawa," tableti ilisema.

Saa iliyotundikwa ilisikika ukutani. Binti alimgeukia Baba, kwa sababu hiyo ilikuwa fani yake, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuulizwa.

"Ipi hiyo, Mwalimu?" Baba alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo ni ipi?"

Mama alimtazama. Alifungua kinywa, midomo ikalitamka neno lote bila mlio, akakifunga. Kisha akashusha kidole, akabonyeza tena.

"Sawa," ilisema sauti, vile vile kabisa.